Kodi ya F Ngumu Kuliko Kodi ya Nyumba: Dada Aliyerudia Gitaa Akiwa na Miaka 33

Pita nyumba kumi za vijana wa mjini wenye kazi zao, hukosi gitaa moja limelala juu ya kabati. Liko pale pamoja na begi la safari, boksi la blenda na feni mbovu inayosubiri fundi tangu mwaka juzi. Lilinunuliwa kwa mzuka, likapigwa picha siku ya kwanza, likawekwa stetasi, halafu likaanza kula vumbi. Muulize mwenyewe kama anapiga. Atakwambia, "Nilikuwa napiga, ila siku hizi muda ndo hakuna."

Kuna dada mmoja wa Tabata alilisema hilo jibu kwa miaka kumi na nne mfululizo. Ana miaka 33, ameolewa, ana binti wa miaka mitano, na anashinda ofisini mjini akishughulika na madai ya bima. Miezi ya karibuni wenzake kazini walianza kumshangaa. Mkono wa kulia una kucha ndefu, zimepakwa rangi ya maruni, zinang'aa. Mkono wa kushoto umekatwa hadi nyama, kama wa mtoto wa shule siku ya ukaguzi. Wengine walidhani ni mtindo mpya kutoka Nigeria. Wengine wakadhani ameugua. Dada wa saluni ndo alimuuliza live, "Mkono mmoja tu? Bei ni ileile lakini."

Jibu ni kwamba huwezi kukandamiza nyuzi za gitaa ukiwa na kucha ndefu. Kucha inagusa ubao kabla kidole hakijafika kwenye uzi. Inabidi uchague kimoja. Miaka yote hiyo alikuwa anachagua kucha, sema tu hakuwahi kukiri kwamba ni uchaguzi.

Gitaa lenyewe alilinunua 2011, akiwa mwaka wa kwanza chuo, kwa hela ya boom. Alishuka Kariakoo na rafiki yake wa hosteli, wakazunguka maduka matatu, wakatoka na gitaa la mbao la nyuzi za chuma kwa laki moja na sabini. Wiki mbili zilizobaki aliishi kwa chipsi kavu na kukopa vocha. Hakujuta. Alijifunza kodi nne zile ambazo kila mtu anaanza nazo, yaani G, C, D na E ndogo, na kwa kodi hizo nne unaweza kuimba nusu ya nyimbo za kanisani na robo tatu ya nyimbo za mapenzi. Wiki sita alipiga kila jioni. Halafu zikaja UE, gitaa likaingia chini ya kitanda.

Baada ya hapo ikawa kama malaria ya zamani, inapotea halafu inarudi. 2013 ilirudi kwa sababu ya kaka mmoja aliyekuwa anaimba kwaya. Kaka akaondoka, gitaa nalo likaondoka. 2015 alipopata kazi ya kwanza alinunua begi zuri la kubebea, akapiga siku tisa. 2017 alijiunga na kundi la WhatsApp la kujifunza. 2020 akiwa likizo ya uzazi alijisemea sasa muda utakuwepo. Mama yeyote anayesoma hapa acheke taratibu. 2022 alilipia masomo ya mtandaoni, akamaliza video tatu. Ukihesabu vizuri alianza upya mara nane.

Na kila alipoanza, alianza palepale. G, C, D, E ndogo. Ukikaa miezi kumi bila kushika gitaa, vidole vinasahau, ngozi inalainika, inabidi urudi somo la kwanza. Akifika somo la tatu anakutana na kodi ya F, anaumia, anaahirisha mpaka kesho, na kesho hiyo inachukua mwaka na nusu. Kwa hiyo akisema "Nina miaka kumi na nne kwenye gitaa" hadanganyi, ila ana wiki mbili za kwanza mara nane.

Siku moja kwenye foleni ya Ubungo alichukua simu akapiga hesabu. Zile wiki sita za mwanzo ni kama saa 20. Vipindi vingine saba, saa sita au saba kila kimoja, kwa kukadiria kwa upendo. Jumla haifiki saa 70 kwa miaka kumi na nne. Kisha akageuza hesabu: dakika kumi tu kila siku kwa mwaka mmoja ni saa 60 na ushee. Maana yake mtu anayepiga dakika kumi kabla ya kulala, bila sifa wala stetasi, anakaribia miaka yake kumi na nne ndani ya mwaka mmoja. Akaelewa kwa nini yule kijana wa kidato cha tatu anayepiga pale kanisani amemwacha mbali. Hana kipaji cha ajabu, anakuja kila jioni tu.

Hesabu ilimuuma, ila haikumtoa kwenye kiti. Kilichomtoa ni mtoto.

Ilikuwa Jumamosi, anapanga kabati. Binti yake akaonyesha juu kwa kidole, "Mama, lile la nani?"

"La mama."

"Unajua kupiga?"

"Ndiyo, najua."

"Piga sasa."

Akalishusha, akafuta vumbi, akakaa kitandani. Alivyogusa uzi mwembamba kabisa, ule wa chini, ukakatika paa! Ukamchapa kwenye kiganja. Nyuzi zilizobaki zilikuwa na kutu nyekundu, zimeacha alama kwenye vidole kama mtu aliyeshika misumari. Akajaribu kodi ya G, ikatoka sauti ya sufuria. Mtoto alisubiri kidogo, kwa heshima kabisa, halafu akasema kwa sauti ya kawaida, "Mama, hujui." Akaenda kucheza.

Hakuna mtu mzima ambaye angemwambia hivyo. Mume wake alikuwa analijua hilo kitambo na alikuwa amenyamaza. Marafiki nao walinyamaza. Ila mtoto hajui kunyamazia vitu, na akishajua kwamba mama akisema "najua" inaweza isiwe kweli, hiyo huwezi kuirudisha kwa kumnunulia aiskrimu. Kilichomkosesha usingizi usiku ule ni hicho, gitaa lilikuwa kisingizio tu.

Jumatatu akampelekea fundi mmoja anayetengeneza magitaa na vinanda. Fundi akaliangalia kwa jicho moja kuanzia kwenye shingo, kama seremala anavyoangalia ubao, akacheka. "Hili umelipigaje?" Nyuzi zilikuwa zimekaa juu mno ya shingo, kiasi kwamba kuzikandamiza ni kazi ya kunyanyua uzito. Magitaa mengi ya bei nafuu hutoka dukani hivyo, na joto na unyevu wa pwani hufanya mbao zivimbe na shingo ipinde zaidi. Akakaza chuma kilicho ndani ya shingo, akasugua kile kipande cheupe kinachobeba nyuzi upande wa chini, akaweka seti mpya nyepesi, zile zinazoandikwa 10. Kazi ya saa moja.

Dada aliporudi nyumbani akabonyeza kodi ya C, akashangaa. Hakuumia. Miaka kumi na nne alikuwa anaamini vidole vyake ni vilaini, hana uvumilivu, muziki si wake. Kumbe sehemu kubwa ya tatizo ilikuwa milimita mbili za mbao. Watu wangapi wameacha gitaa, baiskeli, hata cherehani, wakajilaumu wenyewe, wakati kifaa ndo kilikuwa kibovu?

Akajiwekea sharti moja: dakika kumi kila siku, saa tatu usiku, mtoto akishalala. Asizidishe hata akijisikia, kwa sababu historia yake inaonyesha siku ya kwanza anapiga saa mbili, ya pili vidole vinavimba, ya tatu anapumzika, na mapumziko ndo hayaishi. Misumari miwili ikapigwa ukutani sebuleni, gitaa likaning'inizwa hapo. Kitu kilicho juu ya kabati kinahitaji stuli ili ukishushe. Kilicho ukutani kinakutazama unapokula.

Wiki ya kwanza ncha za vidole ziliwaka kama zimeshika sufuria ya moto. Wiki ya pili yakaja malengelenge madogo. Wiki ya nne ngozi ikaanza kuwa ngumu, sugu zikaota kwenye vidole vinne vya kushoto, na ghafla nyuzi zikaacha kuuma. Mchezo wa gitaa uko hivyo: sugu huja kwa wanaogusa kila siku, na ukiacha zinabanduka. Ndo maana mpigaji wa kuruka-ruka anaumia maisha yake yote, kila akirudi anakuwa na ngozi mpya.

Cha pili alichogundua ni usingizi. Badiliko la kutoka C kwenda G lililomshinda Jumanne usiku, Jumatano linatoka lenyewe bila maelezo. Mikono inaendelea kupanga mambo wakati mwenyewe umelala. Ila ukiipa kazi mara moja kwa mwezi haina cha kupanga.

Kisha ikaja F.

Kwa wasiojua: kodi ya F kamili inataka kidole cha shahada kilale juu ya nyuzi zote sita na kuzibana kwa wakati mmoja, huku vidole vingine vitatu vikijipanga mbele yake. Ukilegeza kidogo nyuzi mbili zinakufa. Ukikaza sana kiganja kinakakamaa. Mume wake, ambaye huwa hachangii sana, alipita sebuleni siku moja akasikia anahangaika, akasema, "Hiyo kodi ngumu kuliko ya mzee mwenye nyumba." Na ilikuwa tarehe 28.

Hapo ndo alipokuja baba yake.

Mzee anaishi Morogoro, ana miaka sabini. Alikuja Dar kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, akawa akae kwa binti wiki tatu mpaka madaktari wamruhusu. Jicho limefunikwa, TV haruhusiwi kuikodolea, gazeti hawezi. Kazi yake ikawa kukaa kwenye kochi, kutaniana na mjukuu anayemwita "mke wangu", na kusikiliza.

Familia yote ilikuwa inajua kwamba mzee "alikuwa bendi". Hakuna aliyekuwa anajua zaidi ya hapo, kwa sababu hakuwa anaongelea. Alikulia Morogoro enzi ambazo mji ule ulikuwa na jina kubwa kimuziki kuliko ukubwa wake. Salum Abdallah na Cuban Marimba walitokea pale. Mbaraka Mwinshehe naye alitokea pale, alijiunga na Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 60, akaenda nao mpaka Japan kwenye maonyesho ya Osaka mwaka 1970, akaunda Super Volcano 1973, na akafariki kwa ajali ya gari Januari 1979 akiwa Kenya. Vijana wa rika la mzee walikuwa wanasimama nje ya ukumbi, hawana hela ya kiingilio, wanasikiliza gitaa la solo kupitia dirishani.

Yeye akaja kuwa mpiga ridhim. Katikati ya miaka ya 70 alipata kazi kwenye shirika moja la umma hapa Dar, na shirika lilikuwa na bendi. Vijana wa leo wanaweza wasielewe: enzi zile bendi nyingi zilikuwa za taasisi. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Urafiki Jazz ilikuwa ya kiwanda cha nguo, polisi walikuwa na yao, JKT walikuwa na yao. Kila bendi na mtindo wake wenye jina, kama Msondo na Sikinde. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa kama dereva au karani. Anapokea mshahara, na vyombo ni mali ya mwajiri. Baada ya onyesho magitaa yanarudi stoo, yanahesabiwa, yanafungiwa.

Mzee alipiga ridhim karibu miaka kumi na tano. Walirekodi Redio Tanzania, nyimbo zikachezwa nchi nzima, na yeye nyumbani hana hata kopi moja. Miaka ya 90 mashirika ya umma yalipoanza kubinafsishwa, lake likafungwa na bendi ikafungwa nalo. Akarudi Morogoro kulima. Gitaa lilibaki stoo. Hakuwahi kuwa na la kwake, hata siku moja.

Binti alikuwa anakumbuka kitu kimoja. 2011 alipolipeleka gitaa nyumbani likizo, baba yake aliliangalia muda mrefu, akauliza, "Ni lako?" Akajibu ndiyo. Mzee akauliza tena, "Si la chuo?" Akajibu hapana baba, nimenunua. Mzee akatikisa kichwa, akatoka nje. Binti alidhani amekasirika kwamba amechezea hela ya boom. Miaka yote hiyo aliishi na wazo hilo, kwamba baba hakupenda.

Sasa usiku wa nne wa mzee pale Tabata, binti anapiga dakika zake kumi kwa sauti ya chini, anadhani baba kalala. Sauti ikatoka kwenye kochi. "Mkono wa kushoto unajitahidi. Wa kulia umelala."

"Baba, F ndo inanisumbua."

"Achana na F. Funga nyuzi."

Akamwelekeza: laza vidole vya kushoto juu ya nyuzi bila kukandamiza, zisitoe noti, zitoe tu chak-chak. Halafu mkono wa kulia upige, juu na chini, bila kusimama. Hakuna kodi, hakuna wimbo. Chak-chak tu. Kwa wiki nzima.

Binti alikasirika, tena sana. Mtu mzima, ana mume na mtoto, ametoka kazini amechoka, miaka kumi na nne anahangaika na hili dude, halafu anaambiwa arudi kabla hata ya somo la kwanza. Akaning'iniza gitaa ukutani, akaenda kulala bila kuaga. Kesho yake asubuhi akamwamkia baba kama kawaida, shikamoo, marahaba, na hakuna aliyegusia.

Jioni mzee akaongea tena, taratibu, kama anayeongelea mtu mwingine. Akasema watu wote wanaangalia mkono wa kushoto kwa sababu ndo unaonekana una kazi. Ila ukumbini watu hawachezi mkono wa kushoto. Solo ndo anapigiwa makofi, ndo anatupiwa hela. Ridhim hakuna anayemjua. Lakini ridhim akinyamaza hata sekunde tano watu wanasimama katikati ya ukumbi wanaangaliana, hawajui kimepungua nini. "Unajua kukuna nazi?" akauliza. "Basi. Mkono hautoki begani, unatoka hapa." Akagusa kifundo cha mkono. "Na haujali nazi imebaki ngapi. Unakwenda tu."

Binti akamwomba apige kidogo aone. Mzee akaonyesha vidole vya kushoto. Baridi yabisi imevipinda, viwili havikunji tena. "Haviwezi," akasema, na akabadilisha mada, akaulizia LUKU imebaki uniti ngapi.

Akapiga chak-chak. Siku ya kwanza alijiona mjinga, ya pili mtoto akaja akaanza kucheza, na siku ya tatu akagundua kwamba akifika mahali anapofikiria kodi inayofuata, mkono wa kulia unasita nukta moja, unasubiri wa kushoto. Kila mara. Miaka kumi na nne alikuwa anasita na hajui, kwa sababu alikuwa anasikiliza noti tu. Bila noti, kusita kunasikika kama mtu aliyejikwaa.

Usiku mmoja wiki ya pili umeme ukakatika Tabata nzima. Joto, kimya, feni zimesimama. Dada alikuwa chumbani anampepea mtoto kwa daftari. Akasikia sebuleni misumari imelia kidogo, kitu kimeshushwa. Halafu ikaanza. Chak-chak, chaka-chak. Haikuwa yake. Hii ilikuwa inatembea. Ilikuwa na kitu ndani kinachovuta kiuno, hata pale gizani, hata bila noti moja. Mzee alikuwa anapiga nyuzi zilizofungwa, kwa sababu mkono wa kushoto hauwezi kukandamiza, unaweza kulala tu juu ya nyuzi.

Dada hakutoka chumbani. Alikaa akisikiliza, na ndo akaelewa zoezi alilopewa lilitoka wapi. Baba yake alikuwa amempa kitu pekee ambacho bado anaweza kukipiga mwenyewe. Na lile swali la 2011, "Ni lako?", halikuwa hasira. Lilikuwa swali la mtu aliyepiga chombo cha watu miaka kumi na tano, anakirudisha stoo kila usiku, akaja kumwona mtoto wake wa miaka kumi na tisa ana cha kwake na hajui cha kukifanyia.

Umeme uliporudi, gitaa lilikuwa ukutani na mzee anakoroma. Hakuna aliyesema kitu.

Wiki ya tatu wakaanza kuongeza kodi moja moja. Kwanza G peke yake, dakika kumi, mkono wa kulia usisite. Halafu G na C. Ikimlazimu kukosea, mzee alimwambia, akosee kwa kushoto, kulia kuendelee. Kodi ikigoma ipite, uikute mbele. F nayo ilipata suluhisho: mzee akamwambia wengi wao hawakuwa wanabana nyuzi zote sita, walikuwa wanapiga F ndogo ya nyuzi nne nyembamba, kwa sababu chini kuna besi anafanya kazi hiyo. Miaka yote dada alikuwa anapigana na mlango wa mbele wakati nyuma kuna wa uani uko wazi.

Asiwepo mtu akadhani dada sasa ni staa. Kodi kubwa ya F bado inatoa nyuzi nne kati ya sita. Hana wimbo anaoweza kuupiga mwanzo mpaka mwisho mbele za watu. Kuna siku anarudi saa nne usiku kutoka kazini, anapiga hizo dakika kumi amekaa na viatu. Kuna siku mbili mtoto alikuwa na homa na hakupiga kabisa, na siku ya tatu ilikuwa ngumu kuliko zote, kwa sababu ile sauti ya zamani ilirudi: si unaona, umeshaacha tena. Akapiga dakika nne. Akalala. Kesho akapiga kumi.

Hajapost hata picha moja. Si kwamba ni vibaya kupost. Aligundua tu kwamba mara zote nane zilizopita alianza kwa kutangaza, watu wakampa pongezi, na zile pongezi zikamshibisha kabla hajapika.

Wakati mzee anajiandaa kurudi Morogoro, binti alimwambia, "Baba, lichukue. Nitanunua lingine." Mzee alilitazama pale ukutani, sasa kwa macho yote mawili. Akasema, "Nikalifanyie nini? Liache hapohapo, huyu mke wangu alione." Kisha akaongeza kwamba misumari iko juu sana, mtoto hafikii. Shemeji akatafuta nyundo, akaishusha.

Sasa kila Jumapili jioni simu inapigwa Morogoro. Shikamoo baba, marahaba mama, hujambo, watoto hawajambo, mvua zimenyesha huko? Halafu simu inawekwa juu ya meza, spika inafunguliwa, na dakika kumi zinaanza. Mtoto anakaa chini anapiga makofi, wakati mwingine kwenye mapigo, wakati mwingine popote. Mzee haongei. Unasikia tu kuku wa nyumbani kwake na, ukisikiliza vizuri, kidole kinagonga mkono wa kiti.

"F imekaa?" aliuliza wiki iliyopita.

"Bado baba."

"Mkono wa kulia ulisimama?"

"Haukusimama."

"Basi usikate simu. Rudia."